Ndege Aliyekuja Baada ya Alasiri

Mpaka leo mtu akiutaja mwaka sabini na sita, moyo wangu husema alhamdulillahi kabla ulimi haujawahi. Waingereza wanaukumbuka mwaka ule kwa ukame. Majani yaliungua, serikali ikapiga marufuku mipira ya kumwagilia bustani, na kila uliyekutana naye kwenye basi alikulalamikia joto utadhani wewe ndiye uliyelileta kutoka kwenu. Mimi naukumbuka kwa jambo jingine kabisa. Ndio mwaka ambao mama yangu, Bi Zeyana, mwanamke wa Malindi, Unguja, ambaye tangu baba afariki hakuwahi kumsifu mwanamume yeyote mbele yangu, alikaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya nyumba yetu ya Queensbury, London, akimtazama Vuai wangu anamsubiri ndege.

Nimweleze Vuai kidogo, maana nikiachiwa nitamweleza mpaka kesho. Alikuwa mtu wa Makunduchi, mrefu, mweusi wa kung'aa, sauti yake ya chini, vidole vimeingia rangi kwa dawa za kusafishia picha. Alifanya kazi katika duka moja la picha Kilburn, nyuma, kwenye chumba cha giza. Nilipeleka pale mkanda wa picha zetu za Idi. Siku nilipokwenda kuzichukua, akatoka mwenyewe, amekunja mikono ya shati, akaniuliza kwa Kiswahili, "Dada, huyu bibi aliyejitanda kanga juu ya koti la baridi ni nani wako?"

Kumbe ameyasoma maneno ya kanga kwenye negativu, yamegeuka nyuma mbele, akajua watu wa kwao wamefika Kilburn.

"Ni mama," nikamwambia.

"Nisalimie."

Salamu zile sikuzifikisha. Nilizila mwenyewe. Wiki iliyofuata nikapeleka mkanda mwingine, nimepiga sufuria, mapazia na mlango wa mbele, ilimradi niwe na cha kusafishwa. Vuai alinipa bahasha yangu, akanitazama, akasema, "Mna sufuria nzuri sana kwenu." Nilicheka mpaka nikaona haya. Basi nikawa nimekwisha.

Miezi saba tulipendana kwa saa ya chakula cha mchana, siku nilizoweza kutoroka ofisini. Mwezi wa Julai nikajipa moyo. Mama alikuwa anamenya vitunguu, nami nikaona ni vizuri, tukilia wote sababu ipo.

"Mama, kuna mtu anataka kuleta posa."

Kisu kikasimama. "Mtoto wa nani?"

Hapo ndipo pagumu. Kwetu swali la kwanza si kazi wala mshahara.

"Ni mtu wa Makunduchi, anaitwa Vuai, yuko kwenye duka la picha Kilburn. Wazee wake wamefariki."

"Wote wawili?"

"Wote, mama. Yeye alikuwa melini. Alipata barua tu."

"Mungu awarehemu. Ami zake? Wajomba?"

"Hapa London hana mtu."

"Basi posa italetwa na nani? Na posta?"

"Anaweza kuja mwenyewe, mama. Siku hizi…"

"Mwenyewe!" Mama aliweka kitunguu chini. "Ajiposee mwenyewe, kama mtu aliyeingia dukani kununua koti? Nisikilize, Sheikha. Mtu huja na watu. Siku akikutesa nimwendee nani? Mlango gani nikaugonge niseme, njooni mumwone mtoto wenu anavyonifanyia? Mimi nitamwoza mwanangu kwa watu. Kwa mtu mmoja simwozi."

Nilijua hasemi kwa ubaya. Dada yake mdogo aliolewa hivyo, na mwanamume asiye na mtu wa kumwita, na alipoachwa hakukuwa na wa kuulizwa. Lakini kulijua hilo hakukunisaidia kitu. Nililia vitunguu vyangu.

Kisha akaja huyo ndege.

Mama alikuwa na asumini yake kwenye uzio, aliyoipanda mwaka wa kwanza tulipohamia. Mipira ilipokatazwa, hakuiacha ife. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kutawadhia, yote aliyakinga kwenye beseni na kuyapeleka uziani. Bustani za mtaa mzima zilikuwa rangi ya biskuti, yetu ina ukuta mweupe wa maua, na ukipita nje ulisikia harufu. Siku moja mwanzoni mwa Agosti nilirudi kazini nikamkuta amesimama mlangoni, macho yanang'aa kama ya mtoto.

"Sheikha! Nimemwona chozi!"

"Chozi yupi, mama?"

"Chozi! Yule yule wa uani kwetu Malindi! Kidege kidogo hivi, mdomo mrefu, anasimama hewani mbele ya ua, mabawa huyaoni. Kaja baada ya sala ya alasiri, kanyonya asumini yangu, kaenda zake."

Kesho yake akaja tena, saa ile ile. Na keshokutwa. Mama akawa haendi popote alasiri. Aliacha hata kulalamika magoti. Tangu tuje nchi hii sikuwahi kumsikia akiimba, na wiki ile nilimsikia akiimba jikoni.

Aliyetia mchanga kwenye pilau ni jirani yetu Hansa, mzaliwa wa Tanga, mjane kama mama, rafiki yake mkubwa na mbishi wake mkubwa. Walikuwa wakibishana juu ya uzio kila siku ya Mungu.

"Zeyana, jua limekupanda kichwani," Hansa alisema. "Ulaya hakuna chozi."

"Kwani sisi tulikuwapo Ulaya? Mbona tumefika?"

"Sisi tulikuja na ndege."

"Na yeye ni ndege!"

"Mimi naona kidudu tu kinapita."

Neno lile lilimuuma mama. Alianza kuwaza kwamba watu wanamwona amezeeka, anaona visivyokuwapo. Usiombe kumwona mama yako anapoanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe. Jioni ile akaniita.

"Huyo mtu wako wa Kilburn, si mpiga picha?"

"Ni msafisha picha."

"Anayejua kusafisha anajua kupiga. Mwambie aje anipigie chozi wangu, nimtie Hansa adabu."

Nikamsogelea. "Na posa, mama?"

Alifikiri. "Akinipatia picha ya chozi, mlango nitaufungua tuzungumze. Asiponipatia, jina lake nisilisikie tena humu ndani. Na neno langu ni moja."

Jumamosi ya kwanza Vuai alikuja amevaa shati lililonyooshwa mpaka likakata, kamera begani, viatu akavua mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Ndiye wewe Vuai? Makunduchi ya wapi?"

"Kajengwa, bi."

"Pita. Ndege yuko nyuma."

Mama alipanga mambo kama hakimu. Kiti chake akakiweka katikati ya njia itokayo jikoni kwenda uziani. Mimi nikaamriwa nibaki ndani, nitengeneze chai, dirisha nisilifungue zaidi ya nusu. Vuai akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akazunguka asumini mara mbili, akachagua ua moja. Akalilenga lile, akakaa chini kwenye nyasi zilizokauka.

"Mbona umeng'ang'ania ua moja?" mama alimnong'oneza. "Atakuja huku na huku."

"Nikimkimbiza na kamera sitampata, bi. Ana kasi mno. Hili liko kwenye jua zuri. Nimeliwekea lenzi tayari. Siku akilijia, nami nipo."

"Na asipolijia?"

"Nitakuja Jumamosi ijayo."

Nilimwona mama ameinua nyusi. Ndiyo mara ya kwanza, nadhani, alipomtazama vizuri.

Sharti la kazi ile lilikuwa kimya, na kimya ndicho kitu ambacho mama hakukizoea. Mimi na Vuai hatukuweza kusema hata neno. Tulibaki na macho. Alipogeuka kuchukua kitambaa cha kupangusia lenzi, macho yake yalipita polepole kwenye dirisha la jiko, yakatua kwangu, nami nikasahau birika likachemka mpaka likalia. Sijui kama nyinyi mmewahi kupendwa kwa macho saa mbili mfululizo, mama yenu amekaa katikati. Mimi nimewahi, na sikuwahi kupendwa vizuri zaidi.

"Kijana," mama alisema bila kugeuza kichwa, "ndege yuko kwenye asumini. Jikoni hayupo."

"Samahani, bi."

Jumamosi ile ndege alikuja, akanyonya kila ua isipokuwa la Vuai. Jumamosi ya pili kulikuwa na wingu na hakuja kabisa. Hata hivyo Vuai alikaa mpaka magharibi. Mama akaanza kumhoji kwa kunong'ona, na yeye akamjibu kwa kunong'ona, wawili hao kama watu wanaopanga wizi. Anakula nini kazini? Mkate na mayai. Kila siku? Kila siku. Masikini! Anasali? Anasali, kuna kona nyuma ya mashine. Anavuta sigara? Aliacha. Lini? "Juzi, bi," alisema, na mama akajifunika kanga usoni. Nilijua anacheka.

Alipoondoka jioni ile, mama alimfungia chapati nne katika karatasi. Kwangu hakusema lolote, ila, "Anajua kukaa. Vijana wengi hawajui kukaa."

Jumamosi ya tatu ndege alikuja saa kumi na moja na robo. Nilimwona mwenyewe dirishani. Kijivu, ubavuni rangi ya chungwa, mabawa ukungu mtupu, na mvumo mwembamba kama wa cherehani ya mbali. Alinyonya la kwanza, la pili, akasita, akalijia ua la Vuai. Kamera ikalia. Ikalia tena. Mara sita. Mama alisimama, mikono kifuani, na ndege alipokwenda zake aligeuka kwangu akapaza sauti iliyofungwa wiki tatu, "Kampata! Sheikha, kampata!"

Vuai alinitazama akacheka kwa meno yote. Nilimshukuru Mungu pale pale, ubao wa kukatia ukiwa mkononi. Nilijiona nimekwisha kuolewa.

Jumanne nilikimbia Kilburn saa ya chakula. Vuai alinisubiri kwenye benchi mbele ya duka, bahasha mapajani. Hakucheka.

"Hazikutoka?" niliuliza.

"Zimetoka. Tano zimetikisika. Moja imetoka safi."

Alinipa kwanza iliyotikisika. Ilikuwa nzuri! Mabawa ukungu, mdomo mrefu, mkia kama manyoya. Chozi mwenyewe. Kisha akanipa ile safi, na nikakaa nayo muda bila kuelewa. Kichwani kulikuwa na pembe mbili nyembamba, zimevimba nchani. Miguu sita imekunjwa kifuani. Na ule mdomo ulikuwa mrija, mwembamba kuliko uzi wa kushonea.

"Nini hiki, Vuai?"

"Nondo."

"Nondo gani anaruka mchana?"

"Huyu. Nilimwonyesha mzee mmoja wa Kiingereza kazini. Anawajua. Anasema huvuka bahari kutoka kusini kila kiangazi, na mwaka wa joto kama huu huwa wengi. Hata wenyeji huwadhani ndege."

Nilitazama picha moja, nikatazama nyingine. Kisha nikaichukua ile iliyotikisika, nikaitia katika bahasha, nikaifunga.

"Mpe hii."

"Sheikha."

"Mpe hii, Vuai! Nani atajua? Mama atafurahi, Hansa atanyamaza, na sisi tutaoana. Hiyo nyingine ichome."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Amenikalisha bustanini kwake Jumamosi tatu. Amenilisha. Nikianza na uongo, kila siku nitakayokula wali wake utanikwama hapa." Alijigusa koo.

"Alisema ukikosa chozi jina lako asilisikie tena! Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi unaniacha."

"Sikuachi. Ninaogopa kuliko wewe. Lakini sitaki kukupata kwa picha iliyotikisika."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia anazipenda picha zake kuliko mimi, nikainuka na kuondoka, sikugeuka. Jioni kwenye treni nililia mpaka nikapitiliza kituo chetu, nikashtukia niko Stanmore, mwisho wa reli. Hasira ilikuwa ya kwake na ya kwangu, maana moyoni nilijua nani kati yetu wawili alikuwa na haki, na hakuwa mimi.

Siku nne nilikaa na siri ile nyumbani. Mama alipiga msumari ukutani sebuleni, mahali pa picha. Alioka mkate wa kumimina. Na kama kwamba hayo hayatoshi, alimwalika Hansa.

Jumamosi saa tisa Hansa alikuja na bakuli la vitafunio vya chevda na miwani yake mipya. Saa tisa na nusu Vuai akabisha hodi. Nilimfungulia mlango. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini mama alikuwa nyuma yangu, kwa hiyo nilimtazama tu, naye akaitikia kwa kichwa.

"Haya leta," Hansa alisema kabla hajakaa, "tumwone huyo ndege wa Ulaya!"

Mama alinyoosha mkono huku anatabasamu. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko. Sasa atasema, niliwaza. Sasa atamwambia mbele ya Hansa, na mama yangu atazeeka mbele ya macho yangu.

Vuai alimpa bahasha kwa mikono miwili. Ilikuwa imefungwa.

"Bi Zeyana," alisema kwa upole, "nakuomba uitazame peke yako kwanza. Ukipenda sote tuione, utatuonyesha. Usipopenda, sitaizungumza na mtu."

Tabasamu la mama lilibaki pale pale, lakini macho yalibadilika. Aliinuka, akaja jikoni, akasukuma mlango kwa kisigino. Alivaa miwani. Akaitoa picha. Vuai alikuwa ameleta ile safi, kubwa, na nyuma ameandika kwa kalamu ya risasi. Nilisoma juu ya bega la mama: Bi Zeyana, si chozi, ni nondo. Nisamehe. Vuai.

Nilisikia Hansa sebuleni akimwuliza Vuai kama anakula pilipili.

"Ulijua?" mama aliniuliza.

"Tangu Jumanne."

"Ukasemaje?"

Ningeweza kumdanganya tena. Lakini nilichoka. "Nilimwambia akuletee nyingine, iliyotikisika, inayofanana na ndege. Nilimlazimisha, mama."

"Akasema?"

"Akasema hawezi."

Aliiweka picha mezani, akakaa. Mkono wake ulipita juu ya kile kidudu, juu ya yale mabawa ya rangi ya chungwa, polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

"Ukataka kunidanganya," alisema. "Mwanangu niliyekuzaa."

"Nilitaka kuolewa, mama."

"Na yeye hataki kukuoa?"

"Anataka."

"Basi." Alivua miwani. "Hiyo kweli angeweza kunipa hata pale sebuleni. Hansa angecheka, mimi ningekuwa sina pa kuweka uso. Kaniletea kweli, kisha kaifunga katika bahasha. Hilo hakufundishwa na duka la picha, Sheikha. Huyo ana mtu aliyemlea."

Alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, akainuka, akatoka na picha mkononi. Nami nikamfuata.

"Hansa," alisema, "umeshinda. Si ndege. Ni mdudu, nondo."

Nilisubiri kicheko. Hansa aliichukua picha, akaisogeza karibu na dirisha. Hakucheka.

"Maridadi huyu," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mimi pia nilikuwa namtazama, Zeyana. Kila siku, kwa dirisha la juu. Nilikuwa nakubishia huku naomba awe chozi kweli."

"Mbona hukusema?"

"Ningekosa cha kubishana nawe."

Wakashikana mikono, wanawake wawili wazima, wakacheka mpaka Hansa akatafuta leso. Mama akasema, "Mwezi mzima nimekuwa na furaha, Hansa. Mwezi mzima! Mdudu huyu kavuka bahari kuja kunywa maji yangu ya mchele. Namshukuru Mungu aliyemleta. Kwani nishukuru akija ndege tu, akija mdudu nisishukuru?"

Vuai aliweka kikombe chini, akasimama. Nilijua anafanya nini.

"Bi Zeyana, ahadi ilikuwa chozi, nami sikuleta. Nakushukuru kwa chai, na kwa chapati, na kwa kunikalisha kwako. Hakuna nyumba nyingine London niliyokaa hivyo. Kwaherini."

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Nyumbani, bi."

"Nani kakwambia uende? Mkate hujaugusa. Kaa ule!"

Akakaa. Mama akampakulia mwenyewe, kipande kikubwa cha katikati, kisha akatoka kwenda kwenye ukumbi, ilipokuwa simu. Mlango hakuufunga. Mimi nilikaa kando ya Hansa, na Hansa akanishika kiganja bila kuniangalia.

Tulimsikia akizungusha namba. Alimpigia Mzee Soud, rafiki wa marehemu baba, mwenye mkahawa Edgware Road, mtu ambaye watu wetu wote walimwendea wakiwa na neno zito.

"Soud? Zeyana hapa… Wazima sote, alhamdulillahi. Na mkeo?… Sikiliza. Nina haja na wewe. Jumapili ijayo nataka uje kwangu na watu wawili wa heshima, mniletee posa… Si yangu, mwehu we! Ya Sheikha!"

Hansa alinibana mkono mpaka ukauma.

"Mwanamume ninaye, yuko sebuleni anakula. Watu ndio hana… Wa Makunduchi… Najua kwamba wewe wa Kikwajuni, Soud, sijasahau. Kuanzia leo wewe ni mtu wa Makunduchi. Wewe ndiye baba yake hapa mjini. Mje mmevaa kanzu, mje na tambuu, mniombe vizuri. Na usidhani nitakubali mara moja. Nitawatia tabu kama inavyopasa, na wewe uvumilie… Ndiyo. Na nakwambia mapema, siku akimfanyia ubaya mwanangu, mlango nitakaougonga ni wako."

Vuai alikuwa ameshika mkate, hajautia mdomoni. Nilimtazama wazi wazi, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza bila dirisha.

"Vuai!" mama aliita, mkono ameziba simu. "Mama yako, Mungu amrehemu, akiitwa nani? Soud anauliza. Hawezi kuja kumsemea mtu ambaye mamaake hamjui jina."

Vuai alisimama. Baadaye aliniambia alikuwa na miaka tisa katika nchi hii, amejaza fomu za kila namna, na wote waliouliza walitaka jina la baba. La mama hakuulizwa hata siku moja.

"Mize," alisema. Sauti ilikatika, akaanza upya. "Mize binti Pandu."

Mama aliutoa mkono kwenye simu.

"Andika, Soud," alisema. "Kijana wetu ni mwana wa Mize."